Aliyeshika Antena

Fanuel alifungua kundi la WhatsApp, akaliita "Watoto wa Gambo", kisha akamwingiza Risper bila hata kubisha hodi. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, mtu wa kuingiza na kuingia. Risper alikuwa jikoni kwake Magunga, mafuta yanachemka, vipande vya mbuta vinasubiri kwenye sinia, na askari wawili wa mbuga ya Ruma wameshaanza kugonga meza kwa vijiko. Simu ikalia mfululizo kama kuku aliyetaga. Alipofuta mikono na kuitazama, alikuta picha ya televisheni ya zamani, ile yenye miguu minne ya mbao, na maneno ya Fanuel chini yake: "Nani anakumbuka Jumamosi zetu? Hizo ndio zilikuwa siku."

Lynnet akajibu kwa vicheko. Bonface, aliyekuwa Nairobi, akaandika kwamba watoto wa siku hizi hawajui raha. Risper alirudi kwenye karai akatumbukiza samaki, lakini moyo wake, mjinga kama moyo wowote, ulikuwa umeshaanza kuimba wimbo wa Gambo.

Maana hata yeye alimpenda Gambo. Heri hilo lisemwe mapema, msije mkadhani hii ni hadithi ya mama mwenye kinyongo asiyejua utamu wa katuni. Alimpenda Gambo kuliko walivyompenda wote waliokuwa wamekalia makochi.

Ujumbe wa pili ulimjia yeye peke yake. Jumapili waje wote Muhuru Bay, nyumbani kwa mama, wale pamoja, wamtazame Gambo kama zamani. Fanuel alikuwa amempata mtandaoni, vipindi vyote. Na mwishoni, kama mtu aliyekumbuka chumvi akiwa ameshapakua: "Halafu tuongee kidogo mambo ya mama."

Mambo ya mama Risper aliyajua. Mama mkubwa Zilpah alikuwa kitandani tangu mvua za masika, akili yake inakwenda na kurudi, na msichana wa kazi wa mwisho alikuwa ameondoka asubuhi moja bila kuaga. Lynnet, mwalimu pale Homa Bay mjini, alikuwa amempigia Risper simu wiki hiyohiyo. Aliuliza hali ya mvua, bei ya samaki na afya ya kila mtu mpaka kuku, ndipo akafika alikokuwa akienda. "Si wewe ndio uko karibu, sista? Na mama amekuzoea. Sisi tuko na kazi."

Kazi! Kumbe mtu aliyeanza kwa kukaanga omena kando ya barabara, akajinyima mpaka akapata mabati, meza nne na jina lake ukutani kwa rangi nyekundu, huyo hana kazi, ana kashughuli. Kwenda kukaa Muhuru Bay kulikuwa na maana moja tu, kufunga hoteli. Na hoteli ikishafungwa, wateja wanahamia kwa jirani, tena wanasahau hata njia ya kurudia.

Hata hivyo, alikuwa nusu amekubali. Wazazi wake walipofariki, baba mkubwa Jeremiah na mama mkubwa Zilpah, wazazi wa hao watatu, ndio waliomchukua. Alikula kwao, akalala kwao, akavaa nguo zilizombana Lynnet alipokuwa mnene. Hayo ni mambo mtu hayapuuzi. Alikuwa tayari kurudi, lakini alitaka kitu kimoja kabla ya kusema ndiyo, na kila alipojaribu kukieleza kiliteleza kama kamongo. Binti yake Valary alimuuliza, "Kwani unataka wakupigie magoti?"

"Magoti ya nini? Nataka wakumbuke nilikuwa wapi."

Valary hakuelewa, na hilo si kosa lake. Hakuwa amezaliwa.

Televisheni ile ililetwa na Jeremiah mwaka ambao viwanda vya samaki vilikuwa vinagombania mbuta pale ufuoni, naye, kwa kuwa ndiye mwenye mizani ya kupimia samaki, akawa mtu wa kusalimiwa kwanza. Ilitumia betri ya gari, na betri ilichajiwa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Antena ilifungwa juu ya bomba refu la chuma, na bomba likasimamishwa ndani ya shimo nyuma ya nyumba, upande wa ziwa. Upepo wa ziwa nao haujali starehe za watu. Ukivuma, bomba linageuka, na ndani picha yote kwenye kioo inakuwa mchanga mtupu. Ilibidi mtu atoke nje akaligeuze, huku walio ndani wakipiga kelele, "Kushoto! Rudisha! Hapohapo!"

Mwanzoni walipokezana. Kisha ikagunduliwa kwamba Risper akilishika bomba, picha inatulia. Akiachia, inaondoka. Fanuel akishika, mchanga. Lynnet akishika, mchanga na makelele juu yake. Jeremiah akatangaza mbele ya wageni kwamba mtoto huyu ana mkono wa antena. Risper alikuwa na miaka kumi, na tangu mama yake azikwe hakuna aliyekuwa amemsifu kwa jambo lolote. Usiku huo alikosa usingizi kwa furaha.

Hapo ndipo alipokosea. Yatima akisifiwa kwa kazi, kazi hiyo imeshakuwa yake.

Basi kila Jumamosi, watoto wa mji mzima walipojazana ndani, Risper alikuwa nyuma ya nyumba, mikono miwili kwenye chuma. Dirisha lilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama, lakini pazia lilifungwa ili jua lisiue picha. Alilijua pazia hilo maua yake yote. Kuna majira ambapo sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, hupanda kutoka majini kama moshi na kutua kwenye kila kitu chenye unyevu, na macho ya mtoto yana unyevu. Hakuweza kuyapangusa. Akiinua mkono tu, watu kumi na tano walizomea kwa pamoja. Siku moja mvua ilinyesha katikati ya kipindi, na baba mkubwa akafungua mlango wa nyuma akamtupia gunia ajifunike. Risper alilikumbuka gunia lile kwa miaka mingi kama jambo la upendo. Alikuwa mtu mzima kabisa, anaosha vyombo vyake mwenyewe kwenye hoteli yake mwenyewe, alipoelewa gunia lile lilikuwa nini, na siku hiyo alivunja sahani mbili.

Mara kadhaa alijaribu kuiba. Aliachia bomba, akakimbia mpaka mlangoni, akachungulia. Kila mara alikuta mchanga, kwa sababu aliyetakiwa kushika alikuwa ameachia. Alipigwa kofi moja la kumrudisha, akarudi.

Lakini sauti ilipita kwenye pazia. Ngoma ilianza, du, du, du, ndizo hatua za Gambo akija. Halafu sauti yake, nzito, yenye mwangwi, kama inatoka ndani ya mtungi mkubwa. Daima kulikuwa na mtu aliyepatwa na shida, kifaranga kaanguka shimoni, daraja limekatika, mtoto kapotea, na Gambo anakuja, du, du, du, hana haraka, anasaidia. Kiingereza cha darasa la nne kilimtosha Risper kufuata. Mwishoni Gambo husema maneno yaleyale, "Haya basi, sasa nakwenda nyumbani." Mlango unagongwa, ba! Na hapo watoto wote ndani huangua kicheko.

Kicheko hicho hakukielewa kamwe. Yeye nje, maneno yale yalimliza. Akamchora Gambo kichwani mwake kwa mkaa wa sauti ile. Gambo alikuwa jitu, kubwa kuliko kiboko akisimama kwa miguu miwili, mikono mipana kama makasia, uso wa upole. Anatembea mpaka ardhi inatetemeka. Na jioni akishamaliza kusaidia watu wengine wote, atapita nyuma ya nyumba hii, atalikuta toto hili limeshika chuma, atalibeba begani na kusema, haya basi, sasa twende nyumbani. Nyumbani wapi? Hilo Gambo ndiye aliyelijua. Risper alimsubiri hivyo miaka yote ya shule ya msingi. Alipozaa, aliwasimulia wanawe habari za Gambo, na wao wakalala wakimwona jitu lilelile.

Jumapili alifunga hoteli, akapanda pikipiki kupitia Sori, na kabla ya saa sita alikuwa Muhuru Bay. Alibeba samaki wa kukaanga ndani ya karatasi, maana mkono mtupu haulambwi. Nyumba ilikuwa ileile, imepakwa rangi mpya upande wa barabara tu. Omena walikuwa wameanikwa kwenye nyavu mpaka karibu na ua. Fanuel alitoka akiwa ameinua mikono yote miwili. Alikuwa na duka la simu Migori mjini na kitambi cha mtu anayelipwa kwa kukaa.

"Nyaminwa!" alipaza sauti. Ndivyo Mjaluo anavyomwita dada yake, na ndani ya neno hilo kuna mama mmoja. Fanuel hakuwa amewahi kumwita hivyo. Risper alijichukia kwa jinsi lilivyomfurahisha.

Aliingia kwanza chumbani kumwamkia mama mkubwa. Zilpah alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimtazama Risper kwa muda mrefu, akasema "nyathina", mwanangu, halafu akamuuliza kama maji yameshachotwa.

"Yameshachotwa, mama."

Shuka ilikuwa na unyevu. Risper aliibadilisha, akamgeuza mgonjwa upande wa pili na kumwekea mto mgongoni, na wakati wote huo aliwasikia watatu wale sebuleni wakibishana kuhusu waya za televisheni. Hakuna aliyeingia. Alipotoka na shuka chafu mkononi, Lynnet alimwonyesha beseni kwa kidole, kwa upole kabisa.

Wakala. Samaki wa Risper wakasifiwa. Bonface, mdogo wao, alikuwa ameleta keki kutoka Nairobi. Kisha Fanuel akafunga mapazia, jambo lililomfanya Risper ageuze uso, na akawasha televisheni mpya, pana kama mlango, aliyomletea mama asiyeweza tena kuitazama.

"Kaa hapa, nyaminwa," akasema akipigapiga kochi. "Mahali pako palepale. Si ulikuwa unakaa hapa, karibu na kabati? Risper alikuwa anacheka kutushinda sisi wote! Mnakumbuka?"

"Woi, namkumbuka," akasema Lynnet. "Anacheka mpaka anashika mbavu."

Risper akasimama katikati ya sebule kama mgeni aliyeambiwa viatu vyake si vyake. Alitaka kusema, lakini wimbo ulianza. Du, du, du. Akakaa.

Akamwona Gambo kwa mara ya kwanza.

Gambo alikuwa konokono.

Konokono mdogo, mwenye masharubu, amevaa skafu. Ngoma ile kubwa, du, du, du, ilipigwa huku yeye akisogea upana wa ukucha, na huo ndio ulikuwa mzaha. Sauti ile nzito ilitoka ndani ya gamba, na huo nao ulikuwa mzaha. Kifaranga alikuwa ameshatoka shimoni mwenyewe, amekwenda zake, amekula, amelala, ndipo Gambo anafika na kulihutubia shimo. Fanuel alicheka mpaka akakohoa. Lynnet alijifuta machozi. Miaka yote hiyo Risper hakujua kwamba kilikuwa kichekesho.

Mwisho ukafika. "Haya basi, sasa nakwenda nyumbani," akasema konokono, akajivuta ndani ya gamba lake palepale alipokuwa, na kamlango kadogo kakajifunga, ba!

Wakaangua kicheko kilekile, watu wazima watatu, kwa sauti zilizozeeka. Sasa Risper alikielewa. Hakuwa na safari yoyote yule mdudu. Nyumba yake alikuwa nayo mgongoni tangu mwanzo, kwa hiyo kwenda nyumbani kwake kulikuwa jambo la kuchekesha. Na yeye nje, amelilia maneno yale akidhani kuna jitu linaondoka kwenda mahali.

Alijaribu kulirudisha lile jitu lake. Alifumba macho, akaisikiliza sauti peke yake kama zamani. Masharubu yakaja. Skafu ikaja. Jitu halikuja, na ndani ya kifua chake palipokuwa na kitu kwa zaidi ya miaka thelathini pakawa pabaya, patupu, kama chumba kilichohamwa. Uchungu ulimjaa mpaka masikioni. Walimnyima picha akiwa mtoto, na leo wamemwita ili waje wamwonyeshe, na kwa kumwonyesha wamemnyang'anya hata kile alichojitengenezea.

"Unaona?" Fanuel akasema, amemgeukia, macho yana unyevu wa furaha. "Hii ndio inatuunganisha. Hakuna mtu anaweza kutuondolea hii."

"Mimi sikuwa hapa," Risper akasema.

"Uko na maana gani?"

"Kwenye kabati. Sikuwa hapo. Nilikuwa nje, nimeshika antena. Huyu konokono namwona leo."

Wakatazamana. Lynnet akacheka kidogo, kicheko cha mwalimu anayemsahihisha mtoto bila kumwaibisha. "Aa, Risper. Wewe ulikuwa unashika mara moja moja. Sisi wote tulikuwa tunashika."

"Hata mimi nakumbuka nikishika," akasema Bonface, ambaye katika miaka hiyo alikuwa hafiki kwenye kitasa cha mlango.

"Umesahau tu, nyaminwa," Fanuel akasema. "Ni umri. Mimi nakuona kabisa hapo, na ile gauni yako ya njano."

Gauni la njano lilikuwa la Lynnet. Lakini Risper aliona kwamba Fanuel hadanganyi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwongo unaweza kumshika ukamtikisa. Huyu alikuwa amemtoa nje mwenyewe kwa kumbukumbu yake, akamkausha mvua, akamvika gauni, akamkalisha karibu na kabati, na akamchekesha. Alikuwa amefanya moyoni mambo yote ambayo hakuna aliyeyafanya siku ile, na sasa dhamiri yake ilikuwa safi kama sahani ya kanisa. Wanasema mtenda husahau. Wangesema pia kwamba akisahau vizuri hugeuka mtu wa kukumbuka mema.

Fanuel aliona wakati umefika. Akapunguza sauti ya televisheni, akakaa mbele kidogo kwenye kochi.

"Sasa, nyaminwa. Mama ni wetu sisi wote. Tumekaa, tumeangalia, tumeona hakuna mtu anamjua kama wewe. Wasichana wa kazi wanatoroka. Wewe uje tu ukae hapa. Chumba chako kile kiko. Chakula tutaleta, kila kitu. Wewe ushike tu huku, sisi tutasaidia kutoka nje."

"Na hoteli?"

"Hoteli si ni meza tu? Utafungua ingine."

Risper akafungua mdomo. Laiti wangemkumbuka, angesema ndiyo, na hilo alilijua sasa kwa uhakika uliomtia aibu. Angefunga hoteli, angehamia chumba kile cha nyuma, angembadilishia mama mkubwa shuka mpaka mwisho. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi hicho, kusadikiwa tu.

Kabla hajasema, kipindi kingine kikaanza chenyewe. Ngoma ikapiga, du, du, du, ikaenda mpaka chumbani. Na kutoka chumbani, sauti ambayo haikuwa imesikika kwa nguvu hiyo tangu mvua za masika ikapaa juu ya ngoma.

"Risper! Yaye, Risper! Shika vizuri! Usiachilie! Watoto wanaangalia!"

Mikono ya Risper iliinuka yenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mama wa watoto wakubwa, na mikono yake miwili ikainuka mbele ya kifua chake ikafumba hewa. Aliiona, na wao wakaiona.

Kwenye televisheni konokono alisogea upana wa ukucha. Lynnet akatazama zulia. Watoto wanaangalia, mama yao alikuwa amesema, na kila mtu aliweza kuhesabu ni nani alikuwa mtoto katika nyumba ile na nani hakuwamo. Shahidi mmoja tu alikuwa amebaki duniani anayejua Risper alisimama wapi, naye ndiye aliyemsimamisha hapo.

Bonface, ambaye hakuwa na roho mbaya, aliona lazima aseme neno la kupunguza uzito. Masikini Bonface.

"Lakini si mzee aliifunga na waya baadaye?" akasema. "Ulipoolewa tu. Wiki hiyohiyo alichukua waya wa seng'enge uliokuwa stoo siku zote, akafunga lile bomba na ule mti wa mwarobaini. Haikusumbua tena. Hata upepo uvume namna gani."

"Wiki hiyohiyo?" Risper akauliza.

"Ee. Ilikuwa kazi ndogo tu." Halafu akasikia alichosema.

Kwa hiyo hakukuwa na mkono wa antena. Hakujawahi kuwa na mkono wa antena. Kulikuwa na waya, umeviringishwa stoo wakati wote ule, na kulikuwa na mtoto aliyekuwa karibu zaidi kuliko stoo.

Risper akainuka akaingia chumbani. Zilpah alikuwa amejiinua kidogo, ameshika ukingo wa kitanda, anahangaika.

"Imekamata?" mgonjwa akauliza.

Risper akamlaza. Akamfuta jasho kwa pembe ya leso yake. Alimtafutia chuki moyoni, alikuwa na haki nayo, lakini mbele yake kulikuwa na bibi kizee mwepesi kama kuni kavu, na chuki haikupata mahali pa kushika. Huruma nayo haikuja yote. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa zamani sana.

"Imekamata, mama."

"Basi kaa hapohapo," Zilpah akasema, akafumba macho, ametulia.

Aliporudi sebuleni, Lynnet alikuwa amesimama, amejipanga upya kama darasa baada ya kengele. "Umesikia mwenyewe," akasema kwa sauti laini. "Hata akili ikipotea, anaita wewe. Si mimi, si Fanuel. Wewe. Sasa utakuja lini?"

Risper alimtazama akadhani anatania. Hakuwa akitania. Akachukua mkoba wake, na ile karatasi ya samaki iliyobaki na mafuta tu akaikunja, akaitia ndani, kwa mazoea ya mtu asiyeacha uchafu kwenye nyumba ya watu.

"Tafuteni waya," akasema.

"Unasema nini?"

"Mnauliza nani atashika. Nawaambia tafuteni waya, mfunge. Haitasumbua."

Fanuel akasimama, uso umemwiva. "Huyo ni mama! Unaongea juu ya mama kama bomba? Mama aliyekulisha?"

"Alinilisha. Na mimi nilishika. Yeye tukutane kwa Mungu tuhesabiane. Nyinyi sina kitu chenu."

"Asante ya punda ni mateke," Lynnet akasema, sasa bila ulaini.

"Heri," Risper akajibu. "Angalau sasa mmekumbuka kulikuwa na punda."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule alioujua. Bomba lilikuwa bado limesimama, antena imeshaanguka zamani, na kamba ya nguo imefungwa mahali pa mikono yake. Mwarobaini ulikuwa umenenepa na kuumeza waya, gome limefunga juu yake, huwezi tena kuutoa bila kukata mti. Alisimama kidogo. Jua lilikuwa kali na ziwa limetulia kabisa, siku ambayo hata bomba lisingehitaji mtu wa kulishika.

Ndani wimbo ulikuwa ukiendelea, maana hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima. Na chumbani Zilpah alikuwa ameanza tena, safari hii kwa sauti ya kulia. "Risper! Imepotea! Risper, picha imepotea!"

Alisubiri mtu aingie kwa mama yake. Alimsikia Fanuel akimwambia Lynnet aende, na Lynnet akimwambia Fanuel aende. Mikono ikamwasha. Akaikunja chini ya makwapa, akaibana hapo kama mtu anayesikia baridi, akatembea kupita omena walioanikwa mpaka barabarani. Nyuma yake, kupitia pazia, aliisikia sauti ile nzito ikisema haya basi, sasa nakwenda nyumbani, na mlango mdogo ukajifunga, ba. Alisikiliza kama watacheka. Hawakucheka. Akamwita kijana wa pikipiki, akamwambia Magunga.